Unga wa Kula Kaboni? Nionyeshe Kaboni-13 Kwanza

Wasee, mmeshaona zile video za unga wa manjano ambao ukiwekwa juani unageuza kaboni dayoksaidi kuwa fueli? Komenti ni vigelegele tupu, ati sayari imeokoka. Mimi naomba tutulie kidogo.

Sayansi yenyewe ni ya ukweli. Mwaka wa 1979 Wajapani wanne, Fujishima na Honda wakiwemo, walionyesha kwamba unga kama wa titani dioksaidi ndani ya maji unaweza kufanya hiyo kazi ukipigwa na mwanga. Lakini titani dioksaidi hutumia miale ya urujuanimno tu, karibu asilimia 5 ya nguvu ya jua. Ndio watu wakageukia vichocheo vya matabaka, kama nitraidi ya kaboni. Hii unaipata ukichoma urea, ndio, ile fatalaiza ya shambani, kwa karibu digrii 550. (Usijaribu jikoni, inatoa amonia.)

Ndani yake imekaa kama chapati ya matabaka. Mwanga ukiipiga, elektroni inaruka na kuacha shimo. Isipofika juu ya tabaka haraka, inarudi shimoni na ile nguvu inaisha hivyo tu, bila kazi. Kwa hivyo watafiti wanabandua matabaka yawe membamba sana, ama wanalaza juu yake kitu kingine ili elektroni iende huku na shimo libaki kule. Hiyo kazi naiheshimu kabisa.

Kenye kinaniudhi ni vile matokeo yanauzwa. Wengi wanatia kemikali kama trietanolamini itoe elektroni kwa urahisi, badala ya kuzitoa kwa maji. Manze, hiyo ni kushuka mteremko na boda injini ikiwa imezimwa, halafu unajisifu haili mafuta. Tena unga wenyewe una kaboni! Gesi ikitoka, nani anajua haijatoka kwa unga? Kipimo kipo: ingiza kaboni dayoksaidi ya kaboni-13, uone kama hiyo kaboni-13 ndiyo inatoka upande wa pili. Bila hicho kipimo, mimi sishei.

Na si mambo ya maabara tu. Mtu akiamini dawa iko njiani, hatasumbua mtu yeyote kuhusu matatu inayotema moshi mweusi leo.

Hebu tupige hesabu. Tuseme gramu moja ya unga inageuza maikromoli 10 kwa saa. Hiyo ni miligramu 0.44 za kaboni dayoksaidi. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa kama kilo 2.3. Ukiwa na kilo nzima ya unga, jua la saa 10 kila siku, na unga usichoke hata kidogo, utahitaji zaidi ya siku 500 kufuta hiyo lita moja. Na bado hatujahesabu moto uliochoma ile urea.