Malezi: Mwana Aingiapo Shule Mpya



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Januari, watoto wengi wa pwani yetu, tangu Mikindani hata Msimbati na vijiji vilivyo karibu na mlango wa mto Ruvuma, huingia Kidato cha Kwanza. Wengine huhama kijijini wakaja kukaa Mtwara mjini kwa baba mdogo au kwa shangazi. Siku za mwanzo mtoto hutoka kwa furaha na sare yake mpya. Haupiti muda, tumbo likaanza kumuuma kila asubuhi, akawa hasemi wala chakula hakimwingii. Nasi wazazi twaharakia kunena: huyu mvivu, mji umemharibu.

Tusihukumu kabla ya kuuliza. Shule za msingi za serikali husomesha kwa Kiswahili, na za sekondari husomesha kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akisifiwa jana, leo aisikia hesabu ileile aliyoijua asiifahamu, kwa kuwa imevishwa lugha nyingine. Amenyamaza kwa haya, si kwa ujinga.

Tena tukumbuke chuo cha Kurani alikolelewa. Pale kila mtoto ana somo lake, hasogezwi mbele mpaka alijue, na mkubwa humsikiliza mdogo. Darasani wote huenda mwendo mmoja, na asiyeuliza huachwa nyuma bila ya mwalimu kujua. Sisi tumewafunza watoto kuwa adabu ni kunyamaza mbele ya mkubwa, nayo ni adabu njema. Lakini yafaa tumwambie mtoto waziwazi kwamba kunyosha mkono na kumwuliza mwalimu si utovu wa adabu.

Kisha tumkumbushe kuwa lugha ngeni si jambo geni kwake. Alianza chuoni hajui alifu wala be, akafika kwa kusoma kidogo kidogo kila siku. Na Kiingereza ni vivyo hivyo: maneno matano kila usiku, yaandikwe daftarini na kusomwa kwa sauti. Mzazi asiyekijua aweza kulishika daftari akamwuliza maana kwa Kiswahili. Na shangazi aliyempokea ampunguzie kazi za jioni, apate saa moja ya kusoma.

Mtume wetu (S.A.W.) alipojiwa na Malaika katika pango la Hira, akaamrishwa kusoma, alirudi nyumbani akitetemeka. Bibi Khadija (R.A.) hakumlaumu. Alifunikwa nguo mpaka hofu ikamwondoka, naye bibi akamsikiliza, akamtuliza kwa kumtajia mema yake, kisha akamwendea pamoja naye Waraka, aliyekuwa mjuzi. Hatumlinganishi mtoto na Mtume. Twaichukua adabu ya nyumba ile: mtulize kwanza, msikilize, kisha nenda kwa ajuaye. Na ajuaye hapa ni mwalimu wa darasa. Mwendee mapema, usingoje kuitwa.

Mzazi aliyebaki kijijini naye apigapo simu asiulize tu, "Umekuwa wa ngapi?" Aulize, "Leo umekaa na nani? Ni lipi hukulifahamu?" Mtoto ajuaye kuwa nyumbani hachekwi, hata darasani hataogopa kukosea.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.