Rangi ya Gari Hailindwi kwa Wingi wa Chupa

Ingia duka la vipuri Kariakoo au Mombasa uulizie kitu cha kulinda rangi ya gari, utapangiwa mezani nta ya kopo, silanti ya maji na dawa ya kupulizia iliyoandikwa "seramiki" ubavuni. Muuzaji hakwambii uchague, anakwambia upandanishe: silanti kwanza, nta juu yake, kisha upulizie hiyo ya tatu, na kila tabaka, kwa maelezo yake, linazidisha kinga. Biashara nzuri, ushauri mbovu. Kwa gari linaloshinda juani huku Pwani, silanti moja iliyopakwa juu ya rangi iliyosafishwa sawasawa, na kurudiwa kila baada ya miezi michache, inafaa kuliko chupa zote hizo kwa pamoja. Nta ije mwisho kama pambo, au isije kabisa.

Tuanze na kile kinacholindwa. Juu ya bati la gari la kisasa kuna tabaka la kuzuia kutu, halafu praima, halafu rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi ambayo mafundi huiita klia. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Ndani yake zimechanganywa dawa za kuzuia mionzi ya urujuanimno, na dawa hizo huisha kidogo kidogo kwa miaka. Zikiisha, paa na boneti hupauka, kisha klia hubanduka kama ngozi iliyoungua. Magari yetu mengi huletwa yakiwa yametumika Japani. Kenya inaruhusu yasiyozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo gari linaweza kushuka bandarini klia yake ikiwa imeshakula jua la miaka 7. Kilichobaki ndicho mtaji wa mwenye gari. Sasa linganisha: utando wa nta au silanti, ukishafutwa na kung'arishwa, kwa kawaida haufiki hata mikroni moja. Hata ukipaka mara tano, hujajenga mwavuli. Jua huzuiwa na klia, na klia husaidiwa na kivuli.

Basi utando huo una kazi gani? Kazi yake ni kuliwa badala ya klia. Kinyesi cha ndege kina asidi, na Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa hakuna uhaba wa kunguru. Kikikauka juu ya boneti lenye joto, huacha alama isiyofutika kwa maji. Utomvu wa mti uliokupa kivuli nao hung'ang'ania. Silanti huchelewesha madhara hayo, na hufanya uchafu utoke kwa kusuguliwa kidogo. Hilo la kusugua ndilo kubwa kuliko yote, maana ile mikwaruzo ya mviringo inayoonekana gari likipigwa na jua hutokana zaidi na sponji yenye mchanga kuliko na hali ya hewa.

Kwa nini silanti na si nta? Nta inayosifiwa zaidi ni karnauba, inayokwanguliwa kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil. Huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, jambo linalosikika zuri mpaka ukumbuke kwamba karnauba tupu ni ngumu, haipakiki. Ya kopo imechanganywa na nta laini, mafuta na viyeyusho, na mchanganyiko huo hulegea mapema zaidi. Boneti jeusi lililoanikwa adhuhuri linaweza kupita nyuzi 70. Silanti ni polima za kutengenezwa, aghalabu za jamii ya silikoni, zinazoshika klia vizuri zaidi na kustahimili joto na sabuni kwa miezi, si wiki. Mng'aro wake ni mkavu kidogo, hilo nakubali, na anayependa wekundu wenye kina apake karnauba juu yake. Lakini asigeuze mpangilio: silanti iliyopakwa juu ya nta haishiki rangi, inashika nta, na itaondoka nayo.

Kuna wanaopinga wakisema wapenzi wa magari duniani kote hupaka tabaka juu ya tabaka. Kweli, na mkono wa pili wa silanti ileile, wa kwanza ukishakauka vizuri, una maana: unaziba pale ulipopitiwa. Baada ya hapo faida inakwisha, kwa sababu viyeyusho vya mkono mpya hulainisha ule wa zamani, na polishi yenye chembe za kusugulia huuondoa kabisa. Wengine hutoa ushahidi wa matone: tazama maji yanavyojikunja yakawa shanga! Shanga hizo zinaonyesha kwamba uso haupendi maji, hazipimi kinga. Ukiosha gari kwa maji ya kisima chenye chumvi na kuliacha juani, kila shanga hukauka ikaacha kiduara cheupe cha madini. Maji yanayoteleza yote kwa pamoja ni salama zaidi.

Seramiki halisi, ile inayopakwa na fundi, hudumu kuliko silanti. Ila inataka rangi tupu, na mara nyingi fundi hulazimika kwanza kuisugua kwa mashine ili kuondoa mikwaruzo, yaani anapunguza klia ambayo kwenye gari kuukuu imeshapungua. Ile "9H" ya kwenye chupa ni daraja la ugumu wa penseli, na mchanga hauogopi penseli. Na anayesema ni nafuu kusubiri apake rangi upya ajue kwamba rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la karibu nyuzi 140, kabla gari halijawekwa viti na nyaya. Gereji haiwezi kurudia hilo, na mnunuzi akigundua boneti limepakwa upya, swali lake la kwanza ni liligonga nini.

Ubaya wa mrundo wa chupa ni kwamba unahamisha fedha kutoka kwenye maandalizi. Silanti iliyopakwa juu ya vumbi la breki na mafuta ya barabarani haidumu, na gari linaloogeshwa kwa sabuni ya unga kila Jumamosi litavuliwa kinga yoyote, ya bei yoyote. Mwenye bajeti ya chupa tatu anunue silanti moja, udongo maalumu wa kunasa uchafu uliogandia rangi, shampuu ya gari na taulo laini ampe anayemwoshea. Chenji itakayobaki aiweke kwenye kibanda cha bati cha kuegeshea, mbali na mwembe.