Nyangwe: kichwa cha chaja ni kimoja, nguvu si moja

Sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, anayenunua mafuta ya mawese haangalii rangi ya bidoni peke yake. Anauliza ni litri ngapi. Anayenunua chumvi anataka kuona kopo linalopimia. Lakini mtu huyo huyo akifika kwenye meza ya chaja na nyaya, anauliza swali moja tu: je, inaingia? Muuzaji anajaribu kichwa kwenye tundu, kinaingia, anajibu: "Inaingia, yaya." Pesa zinatoka mfukoni. Usiku, kompyuta haionyeshi hata alama ya kuchaji.

Desturi hiyo inawapotezea raia wa Kasongo na Kabambare pesa ambazo hazipatikani kirahisi. Imefika wakati wa kuiacha. Chaja ya kompyuta isiuzwe tena kwa kuangalia kichwa. Iuzwe kwa wati zake, kama mafuta yanavyouzwa kwa litri.

Zamani tatizo lilionekana mapema. Kompyuta nyingi zilikuwa na kichwa cha mviringo, na kila kampuni ilikuwa na cha kwake: kinene, chembamba, chenye sindano katikati. Moja ilitaka volti 19, nyingine 19.5, nyingine 20. Mara nyingi kichwa kisicho chake hakikuingia, na mnunuzi alijua palepale sokoni. Mwaka 2014 ikatangazwa USB-C, kile kichwa kidogo kinachoingia upande wowote. Leo kiko kwenye simu, laptopu, redio ndogo, taa za jua na skrini. Ahadi yake ilikuwa nzuri: waya mmoja kwa vyombo vyote. Umbo likawa moja kweli, lakini kazi iliyo ndani ya umbo hilo haikuwa moja.

Ili laptopu ichajiwe kwa USB-C, vitu vitatu lazima vipatane. Cha kwanza ni chaja. Chaja na kompyuta huzungumza kwanza kwa kanuni inayoitwa USB Power Delivery. Zinaanza kwenye volti 5, kisha zinakubaliana kupanda hadi 9, 15 au 20. Chaja ya simu ya wati 10 haina cha kupandisha. Laptopu nyingi za ofisi zinataka wati 45 au 65. Zikipewa wati 10, nyingine zinakataa kabisa, nyingine zinachaji kwa mwendo wa kinyonga.

Cha pili ni waya. Waya wa kawaida wa USB-C kwa pande zote mbili hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwenye volti 20. Kupita hapo unahitajika waya wa ampea 5 wenye chipu ndogo ndani ya kichwa. Waya ambao upande mmoja ni USB ya zamani, ile pana, hauwezi kufanya mazungumzo hayo hata ukiwa mpya. Na ziko nyaya za bei ndogo zinazopitisha umeme tu. Ukitaka kuhamisha picha au sauti kwa waya wa namna hiyo, kompyuta haioni kitu.

Cha tatu ni tundu lenyewe. Laptopu inaweza kuwa na matundu mawili ya USB-C, moja likapokea umeme na lingine likabeba mafaili tu. Alama zilizo kando ya tundu nazo zinachanganya. Wengi wakiona mshale wa radi wanadhani ni alama ya umeme. Kwa kweli mshale huo kando ya tundu la USB-C la laptopu mara nyingi ni nembo ya Thunderbolt, njia ya kasi ya mafaili na picha. Alama ya kuchaji kwa kawaida ni betri ndogo au kichwa cha plagi. Zipo pia mashine ambazo hazina alama yoyote.

Mchanganyiko unazidi pale kinapoingia kile kisanduku kinachoitwa stesheni ya dokingi. Kazi yake ni kuunganisha skrini, kibodi, printa na umeme kwenye laptopu kwa waya mmoja. Kwa ofisi au kwa sekretariati, vile vyumba vya kuchapa barua na kupiga fotokopi, ni msaada mkubwa. Lakini kisanduku hicho nacho kinakula umeme. Aina nyingi zinazotegemea chaja ya nje hujiwekea sehemu ya wati, na kompyuta inapata zinazobaki. Na kama tundu la laptopu halitoi picha, skrini itabaki nyeusi ingawa kila kitu kimechomekwa vizuri. Mwenye nacho ataambiwa kisanduku kimekufa, atanunua kingine, na hicho cha pili kitafanya vilevile.

Mjini kwenye umeme wa usiku na mchana hilo ni usumbufu. Huku ni jambo zito zaidi. Katika vijiji vingi vya Kasongo na Kabambare umeme wa SNEL haufiki, na watu wanategemea pano za jua au grupu inayowashwa saa chache jioni. Betri ya laptopu ya wati-saa 50 inajaa kwa saa moja na kitu ikipata wati 65. Ikipata wati 20, inadai saa mbili na nusu au zaidi, na grupu imeshazimwa. Hapo ripoti ya mwezi ya kituo cha afya inachelewa, orodha ya wanafunzi wa mtihani haichapwi, na habari iliyorekodiwa haifiki redioni. Mkubwa wa ofisi anaona uvivu wa mtumishi, kumbe kosa liko kwenye waya.

Wauzaji wana jibu lao. Wanasema mnunuzi mwenyewe anataka bei ndogo, na wao wanauza kilichofika kutoka Bukavu, Goma au Lubumbashi. Ni kweli. Lakini bei ndogo si kosa. Kosa ni kuuza bila kusema. Mtu akiambiwa "hii ni ya simu, wati 10", atachagua akijua.

Wengine wanasema dawa inakuja yenyewe kutoka Ulaya. Umoja wa Ulaya umelazimisha USB-C kwa simu mpya zinazouzwa huko tangu tarehe 28 Desemba 2024, na kwa laptopu tarehe iliyowekwa ni 28 Aprili 2026. Sheria hiyo ni nzuri, lakini haisemi kitu kwa meza ya Nyangwe. Hatari ni kwamba mali isiyofaa tena kule itatafuta soko lisilo na ukaguzi. Kinachofaa kuigwa zaidi ni kipengele chake kinachotajwa kidogo: boksi la chombo lazima lionyeshe ni wati ngapi chombo hicho kinahitaji.

Tena, huku kuna faida ambayo Ulaya hawaitafuti sana. Mwenye betri ya jua ya volti 12 mara nyingi anapitisha umeme kwenye konvertisa hadi volti 220, halafu chaja inaushusha tena hadi 20. Kila hatua inapoteza sehemu. Chaja ya USB-C ya gari, yenye wati za kutosha, inachomekwa moja kwa moja kwenye volti 12 na kuruka konvertisa. Kwa jua lile lile, kompyuta inafanya kazi muda mrefu zaidi.

Maniema inatoa kasiterite na koltani, na madini hayo yanaingia katika vyombo hivihivi duniani. Si haki virudi huku bila hata namba inayosomeka.

Basi kila mmoja ana sehemu yake. OCC, yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini, idai wati ziandikwe kwenye chaja na kwenye waya. Mashirika yanayogawa kompyuta yaziachie pamoja na chaja na waya wake, si mashine tupu. Shule, vituo vya afya na sekretariati zichague aina moja ya chaja na kubandika karatasi kando ya tundu linalopokea umeme.

Na mnunuzi asingoje serkali. Ageuze chaja ya zamani, asome mstari ulioandikwa "Output". Azidishe volti kwa ampea: 20 mara 3.25 ni wati 65. Aandike namba hiyo kwenye karatasi, aende nayo sokoni, na aulize wati kabla ya kuuliza bei.