Mkeka Tunaupenda, Msukaji Je?

Wadau, leo nimeamka na hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Kuna ugonjwa umetuingia sisi tunaojiita wasomi wa mjini: kusifia "vitu vya asili" huku tukiwapunja wanaovitengeneza. Kwenye kitchen party lazima utandikwe mkeka wa ukindu, picha zipendeze. Sebuleni lazima kikae kikapu cha ukindu pembeni ya televisheni. Lakini tukikutana na mama anayeuza, tunamkaba bei mpaka anaona aibu kwa kazi ya mikono yake. Wakati huo huo supamaketi tunalipa bila hata kuuliza.

Nayasema haya kwa sababu kazi ilinipeleka Mchombe, kule Bonde la Kilombero, barabara ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba. Kila mwandishi anayetumwa huko anaambiwa arudi na habari ya mpunga. Sawa, mpunga upo. Lakini hilo bonde lina kitu kingine kilicholipa jina kabla ya semina zote za kilimo, nacho ni mkeka.

Hivi unajua mkeka unatengenezwaje? Usiniambie "wanasuka tu". Kwanza anatafutwa mkindu, ambao hupenda sehemu zenye maji, kandokando ya mito na mabonde. Linakatwa kuti changa ambalo bado halijafunguka, na inabidi ujue ukate lipi na ubakize lipi, maana ukiwa na pupa mwakani hukuti kitu. Linaanikwa mpaka linakuwa jeupe, linachanwa vipande vyembamba vinavyolingana, vingine vinachemshwa na rangi. Hapo ndipo ukili unapoanza kusukwa, mita kwa mita, kabla ya kuungwa kwa sindano na kutiwa pindo. Mama mmoja nilimuuliza mkeka mkubwa unamchukua muda gani. Akacheka: "Mwanangu, nasuka nikishatoka shamba, nikishapika, nikishalaza watoto. Sasa utahesabuje?" Nikamuuliza kama binti yake anajua kusuka. Akasema anajua, ila hataki, kwa sababu ameona mama yake anavyolipwa.

Hilo jibu ndilo limenifanya niandike.

Sasa twendeni Japani kidogo. Wenzetu wana vyombo vya mbao, mabakuli na masinia, vinavyopakwa utomvu wa mti uitwao urushi. Utomvu huo ukiwa mbichi unawasha ngozi vibaya. Mti unakuzwa zaidi ya miaka 10, unakingwa msimu mmoja, unatoa kama gramu 200 tu, kisha unakatwa ili uchipue upya. Mji wa Wajima ndio wenye sifa kubwa zaidi, na bakuli moja la huko hupita hatua zaidi ya 100 mikononi mwa mafundi tofauti. Hakuna anayesema "wanapaka tu".

Mwaka 1950 Japani ilitunga sheria ya kulinda mali za utamaduni. Ikarekebishwa 1954, na kuanzia 1955 serikali ikaanza kuwatangaza mafundi bora kuwa wabeba urithi wa taifa. Fundi wa ngazi hiyo leo hupewa yeni milioni 2 kila mwaka ili aendeleze kazi na kufundisha wengine. Mwaka 1974 ikaja sheria nyingine ya kukuza ufundi wa jadi kama biashara. Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko lilipoibomoa Wajima, karakana nyingi ziliharibika. Miezi michache baadaye, Aprili, Waziri Mkuu Kishida alikwenda Washington akiwa na zawadi ya vikombe vya kahawa vya Wajima kwa Rais Biden. Ujumbe ulikuwa wazi: hawa mafundi wetu hatujawasahau.

Najua kuna mtu ameshaanza: "Japani ni matajiri bwana, usitufananishe." Soma mwaka tena. 1950! Miaka mitano baada ya vita, nchi imechakaa kwa mabomu na bado iko chini ya majeshi ya kigeni. Hawakusubiri utajiri. Na kama Japani ni mbali, Uganda je? Lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba ya Waganda, ilitambuliwa na UNESCO tangu 2005. Uganda nayo ni tajiri?

Sitaki kuwapamba Wajapani kupita kiasi. Utomvu mwingi wanaotumia leo unatoka China, na vijana wao nao wanazikimbia karakana. Ila angalau walitambua kwamba ufundi una miguu miwili: mti na mwalimu. Ukikata mmoja, umeanguka.

Sisi tunakata yote miwili. Bonde la Kilombero limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani tangu 2002. Mashamba yamezidi kusogelea maji. Mwaka 2023 sehemu ya bonde ikafanywa Pori la Akiba, ambako huingii bila kibali. Sina ugomvi na uhifadhi, bila bonde kuwa hai mkindu wenyewe hautakuwepo. Ninachouliza ni hiki: wakati mipaka inachorwa, kuna aliyekumbuka kuuliza msukaji anakata wapi ukindu wake? Au mwenye ng'ombe na mwenye trekta ndio pekee wanaohesabika kuwa watumiaji wa ardhi?

Halafu plastiki. Tarehe 1 Juni 2019 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki, tukashangilia. Nikasema sasa kikapu cha ukindu kinarudi sokoni. Wapi! Ikaja mifuko "mbadala", ambayo nayo ukiiangalia vizuri ni uzi wa plastiki uleule. Na mkeka wa plastiki wa kutoka nje umejaa kila duka, mpaka Ifakara penyewe.

Mapendekezo yangu ni matatu. Halmashauri na mamlaka za hifadhi ziwape vikundi vya wasukaji haki iliyoandikwa ya kukata ukindu kwa utaratibu, na mikindu ipandwe. Asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake iwafikie nao kama wazalishaji, wasionekane kina mama wa kupendezesha banda la Nanenane. Na ofisi za serikali zinunue: kila siku ya mgeni rasmi tunatandika zulia jekundu la kutoka nje, kwani mkeka wa Kilombero una kosa gani?

La nne ni letu mimi na wewe. Siku nyingine ukitajiwa bei ya mkeka, kabla hujasema "mama punguza", piga hesabu ya siku zake kama unavyopiga hesabu ya mshahara wako. Kama huna hela, msifie na upite. Lakini usimpunje halafu ukapige picha juu ya kazi yake ukaandika "najivunia utamaduni wangu".

Nawakilisha.