Black Uhuru: mwimbaji alienda, kundi likabaki

Hapa Luvungi, na ukiteremka mpaka Sange na Uvira, mwimbaji mkuu akiondoka watu husema kundi limekufa. Wanaobaki wanagombania magitaa, ngoma na jina. Ndiyo maana ninawaomba wapenzi wa rege wasikilize tena Brutal, albamu ya Black Uhuru iliyotoka mwaka 1986.

Jina la kundi hilo ni letu nusu, maana uhuru ni Kiswahili, ingawa walioliunda mwaka 1972 ni vijana wa mtaa wa Waterhouse, Kingston, huko Jamaika. Mmoja wao ni Duckie Simpson. Lakini sauti iliyowapeleka duniani ilikuwa ya Michael Rose, akisaidiwa na Puma Jones, dada kutoka Marekani. Mwaka 1985 albamu yao Anthem ilipata tuzo ya Grammy, ya kwanza kabisa kupewa rege. Halafu Rose akaondoka. Kwetu hapo ndipo watu wangeanza kugawana vyombo!

Simpson alimleta Junior Reid, kijana mwingine wa Waterhouse, wakaingia studio. Puma alikuwepo bado, na Sly Dunbar na Robbie Shakespeare walipiga ngoma na besi kama zamani. Wako wanaosema bila Rose hiyo si Black Uhuru. Mimi sikubali. Ni kweli Brutal haifikii Red ya mwaka 1981, na zile ngoma za mashine zinachosha sikio mahali fulani. Lakini Reid hakujaribu kumwiga Rose. Aliimba kwa sauti yake, kali na ya juu, na wimbo The Great Train Robbery ulipendwa hadi Uingereza.

Raha hiyo haikudumu. Puma aliugua, akafariki kwa kansa mwaka 1990, na Reid naye alikuwa ameshaondoka. Simpson akawarudisha wenzake wa mwanzo, Don Carlos na Garth Dennis. Baadaye hata wao waligombania jina mpaka mahakamani.

Basi ninyi vijana wenye vikundi katika bonde letu la Ruzizi, kabla ya kwenda kurekodi Uvira au Bukavu, andikeni karatasi mkiwa bado mnapendana: vyombo ni vya nani, jina ni la nani, na nani atashika mikro siku mwenzenu akivuka kwenda Bujumbura kutafuta maisha.