Ukumbi wa Wazazi: Kupe wa Nchi Isiyo na Simba



Naomba mwezi huu niiweke kando mada ya shule, nizungumzie likizo. Familia kadhaa zimeniuliza kama safari ya kaskazini, kule kwenye milima ya Scotland, inawafaa watoto wetu. Jibu langu ni kwamba inawafaa sana. Hata hivyo ninalo jambo la kukiri kwanza, maana kosa lililotendeka huko lilikuwa langu.

Mimi nilizaliwa karibu na Babati, si mbali na hifadhi ya Tarangire. Utotoni nilipata kukesha pamoja na wazee tukiwafukuza tembo mashambani. Basi tulipopanga kwenda Cairngorms kuendesha baiskeli za mlimani, na binti yangu wa miaka 13 akaniuliza kuna wanyama gani wa hatari huko, nilicheka. Nilimwambia kwamba dubu na mbwa mwitu walikwisha Scotland karne kadhaa zilizopita, na kwamba nchi isiyo na simba haimtishi mtu wa Tarangire. Maneno hayo ningali nayajutia.

Cairngorms ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2003, nayo, kwa kilometa zake za mraba 4,528, ndiyo kubwa kuliko hifadhi zote za Uingereza. Tofauti na Tarangire, humo wamo watu, mashamba na miji midogo, wala hakuna lango la kulipia kiingilio. Sheria ya ardhi ya Scotland iliyopitishwa mwaka huohuo humpa kila mtu haki ya kupita karibu kila mahali, kwa miguu au kwa baiskeli, mradi awastahi wenyeji, mifugo na wanyamapori. Tulishuka garimoshi Aviemore, tukakodi baiskeli tatu zenye tairi pana na breki imara, tukashika njia ya Glenmore.

Kutoka Glenmore njia huingia katika msitu wa misonobari hadi An Lochan Uaine, ziwa dogo lenye maji ya kijani. Wenyeji husimulia kwamba majini wadogo walikuwa wakifulia humo nguo zao, na ndipo maji yakapata rangi hiyo. Tulipolipita, njia ikaanza kuteremka. Nami, kwa furaha ya utoto iliyonirudia, niliachia breki.

Binti yangu, aliyekuwa mbele, alisimama ghafla na kuinua mkono. Nilimkosa kwa shubiri. Hatua 30 hivi mbele yetu alisimama ayala jike, mnyama mwenye kimo cha kumkaribia kongoni wa kwetu, na ubavuni pake mtoto wake. Hapo nilifahamu kwamba baiskeli humtia mnyama hofu ya namna yake: huja kwa kasi, nayo haina kishindo cha miguu kinachomwonya mapema. Lau binti asingefunga breki, tungalimparamia yule mtoto, au tungaliwatenganisha wawili wale.

Tulizilaza baiskeli. Ayala na mwanawe walisogea taratibu hadi uwandani, wakaendelea kula. Mke wangu alishauri tutazame tukiwa palepale njiani. Mimi nilitaka kumwonyesha binti ustadi wa Babati: nilimwongoza katika magugu marefu, upande ambao upepo haukupeleka harufu yetu, tukalala kifudifudi. Tulitazama kwa muda wa nusu saa. Binti alikuwa amevaa kaptura.

Jioni, katika nyumba ya wageni, aliona doa jeusi nyuma ya goti, dogo kuliko punje ya ufuta. Nilidhani ni tope. Lakini tope halina miguu. Alikuwa kupe. Mimi, mtoto wa mfugaji, niliyeswaga ng'ombe joshoni kila juma kwa ajili ya mdudu huyohuyo, sikuwa nimemkumbuka hata mara moja!

Nikakimbilia kuomba kiberiti nimchome, kama tulivyofanya utotoni. Bibi mwenye nyumba alinizuia. Alileta kibanio chembamba, kile ambacho akina mama hung'olea nyusi, akambana kupe karibu kabisa na ngozi, akamvuta juu polepole bila kumminya, kisha akapasafisha kwa dawa. Alieleza kwamba kupe achomwaye au apakwaye mafuta huweza kutapika uchafu wake ndani ya jeraha. Akatuonya pia juu ya ugonjwa uitwao Lyme, unaosababishwa na bakteria wabebwao na baadhi ya kupe.

Siku ya 12 tangu turudi nyumbani, alama ilijitokeza nyuma ya goti, ikatanuka. Vitabu husema ni duara jekundu. Juu ya ngozi ya binti yangu halikuwapo jekundu lolote. Palikuwa na kivuli tu, kama vilio la damu. Daktari wa kwanza alisema ni jeraha la kuanguka na baiskeli. Mke wangu hakukubali. Alirudi naye siku ya pili, akataja mahali tulipokwenda, tarehe, na kupe aliyetolewa. Daktari mwingine alisikiliza, akaandika dawa ya antibiotiki ya siku 21. Binti alipona kabisa.

Ndugu zangu, hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Alama hiyo mara nyingi hutokea kati ya juma la kwanza na la nne baada ya kuumwa, na yaweza kuchelewa hadi miezi mitatu. Juu ya ngozi nyeusi au ya maji ya kunde huwa haionekani kwa urahisi. Msingoje wekundu. Mtoto akipata alama inayotanuka, au homa na maumivu ya viungo baada ya matembezi ya mwituni, semeni wenyewe kwa daktari: "Tulikuwa mahali penye kupe." Tena, kila jioni ya safari, mkagueni nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na kwenye nywele. Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi haina urembo, lakini ni ngao.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi niliudharau mwiba, na mguu ulikuwa wa mwanangu.

Tutakwenda tena, inshallah. Binti amekwisha kunipa masharti yake mawili: "Baba, soksi kwanza. Na mteremkoni, mimi ndiye nitakayetangulia."

Wakatabahu, hadi mwezi ujao.