Panga kwa hatari, sio kwa alama tu

Wadau, leo ugomvi wangu ni na watu wa fani yangu mwenyewe. Sisi watengeneza programu tumewazoeza watu kwamba ukipiga picha ya ua, simu inakupa jina na kazi imekwisha. Haijakwisha!

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Luanda Kotieno, huko feri za Mbita zinakotia nanga. Nyuma ya jiko la dani, kando ya uzio, kuna kichaka kirefu kunishinda, chenye maua ya njano mfano wa tarumbeta. Dani alikikuta hapo alipoolewa, jina hajui. Nikapiga picha ya ua moja, na programu ikajibu bila kusita: alamanda, ua la mapambo. Basi nikarudi kunywa chai.

Dani akacheka. "Nyakwara, kama ni pambo tu, mbona mbuzi hawakigusi?"

Swali hilo lilishinda jibu la simu. Nikaenda kutazama tena. Alamanda ina majani mapana kiasi, yanayozunguka kijiti matatu au manne pamoja, na tunda lake lina miiba. Hiki kilikuwa na majani membamba, moja moja, utomvu mweupe, na tunda laini la kijani lenye kokwa ngumu ndani. Nikamtumia picha zote rafiki aliyesomea botania. Akajibu: Cascabela thevetia, mmea wa Amerika ya joto. Wote una sumu inayovuruga mapigo ya moyo, hasa mbegu.

Mpwa wangu wa miaka minne hucheza kupika kwa kokwa hizo.

Kosa liko wapi? Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja na maua yake yanafanana, kwa hiyo kukosea picha moja si ajabu. Lakini programu za aina hii hupima majibu mengi na kuyapa alama. Aliyebuni skrini ndiye aliyeamua nione moja. Tunaita "skrini safi". Nimewahi kufanya hivyo pia, ila kwa orodha ya bidhaa, sio kwa kitu mtoto anaweza kutia mdomoni.

Na msiniambie haiwezekani. Pl@ntNet, mradi wa Ufaransa, huuliza kama picha ni ya jani, ua, tunda au gome, kisha hukupa orodha.

Kuna na suala la majina. Linnaeus aliuita mmea huu Cerbera thevetia mwaka 1753. Vitabu vingi vikauandika Thevetia peruviana. Jina la Cascabela thevetia lilikuja 1980. Databesi isiyounganisha majina hayo itakuonyesha ua zuri, na onyo litabaki kwenye jina la zamani.

Utasema onyo lipo chini, kwa herufi ndogo. Dani hasomi herufi ndogo. Wewe je?

Ninachodai ni kidogo: onyesha majibu matatu, omba picha ya jani na tunda, na kama mojawapo lina sumu, liweke juu hata kama alama zake ni za tatu.

Sisi tumeokota kokwa zote na kung'oa kichaka. Mbuzi walijua mapema.